Kushikilia Si Kazi

Nereida Mustelier hakusoma fizikia, lakini aliisikia mara ishirini na saba. Alikuwa mfanya usafi wa shule moja ya sekondari upande wa bandarini, Havana, na zamu yake ya kupiga deki iliangukia saa ile ile ambayo Mwalimu Belarmino alikuwa akifundisha. Mwalimu huyo alikuwa mtu wa mazoea. Somo la wiki ya sita mwaka huu ndilo lililokuwa somo la wiki ya sita mwaka jana, kwa maneno yale yale, pamoja na kikohozi kile kile katikati. Nereida akaja kuyajua kama wengine wanavyojua rozari. Kazi ni nguvu mara umbali. Sukuma ukuta kutwa nzima, usiposogea hukufanya kazi. Ukiniuliza mimi, wapo wengi waliokalia madawati yale wakatoka na kidogo kuliko yeye aliyesimama mlangoni na tambara.

Mwaka wa nne wa ajira yake, somo hilo lilimgeukia. Alikuwa mlangoni na ndoo ya lita ishirini mkononi, akingoja aingie kufuta sakafu, na hakuitua kwa kuwa kengele ingelia dakika yoyote. Mwalimu Belarmino akamwonyesha kwa chaki. Akawauliza wanafunzi kama bibi yule anafanya kazi. Darasa zima likasema ndiyo, maana watoto huona kweli kabla hawajafundishwa.

"Hapana," akasema mwalimu. "Ndoo haijapanda, haijashuka, haijakwenda popote. Nguvu ipo, umbali hakuna. Kazi yake ni sifuri. Kushikilia si kazi."

Wakacheka. Nereida akabaki pale na sifuri yake, kiganja kinawaka moto.

Alimfuata baada ya kipindi. Hakuwa mwanamke wa kelele, lakini hakuwa wa kumeza kitu kizima pia. Akamwuliza, "Mwalimu, kama sifanyi kazi, mbona mkono unauma?"

Mwalimu Belarmino alikuwa mtu mwenye haya, na hapo ndipo ninapompendea. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaeleza kwamba ndani ya mkono misuli inavuta na kuachia, inavuta na kuachia, mara elfu bila kuonekana, na humo ndani kazi imo tele. Ila yote inaishia mwilini, inakuwa joto na maumivu. Ndoo haipati kitu.

"Hesabu yangu ni ya ndoo, bibi," akasema. "Ya mkono sijui kuifundisha."

Tangu siku hiyo somo la wiki ya sita lilitumia kiti na mkoba badala ya bibi na ndoo. Lakini neno likishatoka limetoka, na Nereida alikwenda nalo nyumbani.

Nyumbani kulikuwa na Ulpiano, mumewe, kuli wa bandari kwa miaka thelathini na miwili, mpana wa mabega, mtu wa kucheka kwa sauti na kununa kwa muda mrefu. Kwa Ulpiano kazi ilikuwa gunia la sukari mgongoni. Mengine yote yalikuwa shughuli tu za kupitisha siku. Alirudi jioni, akajitupa kwenye kiti chake cha roshani, ghorofa ya tatu, akatangaza kwamba yeye leo amefanya kazi, na mkewe ameshinda ameshika ufagio. Alilisema kwa mzaha, nami namwamini, lakini mzaha ukirudiwa miaka kumi unaota mizizi. Siku moja Nereida alichoka nao, akamrudishia kwa silaha ya mwalimu. Akamwambia kwamba kwa hesabu ya sayansi, gunia likishapanda mgongoni, kulitembeza kwenye sakafu tambarare kutoka bohari hadi ubavuni mwa meli si kazi vilevile, kwa sababu yeye analisukuma kwenda juu, nalo linakwenda mbele.

"Mita mia mbili," akasema Ulpiano. "Kwenye jua la Agosti."

"Sifuri," akasema Nereida. "Ulipolinyanyua, hapo sawa. Njiani ulikuwa unatembea nalo tu."

Ulpiano hakuzungumza naye siku tatu. Ya nne akamwuliza kama huyo mwalimu wake amewahi kuona meli. Toka hapo neno hilo likawa lugha yao ya ndani. Ulpiano akimkuta mkewe amekaa anachambua mchele, atauliza, "Sifuri?" naye atajibu, "Sifuri," na atamsogezea kahawa. Ndoa yao ilikwenda hivyo miaka arobaini na mmoja, na nimeona nyingi zilizokwenda vibaya zaidi kwa maneno matamu. Hata hivyo ule mzaha wa ufagio ulibaki kama kijiwe kwenye kiatu cha Nereida. Alijua mumewe hutania, na alijua pia kwamba moyoni hutania kidogo tu.

Kisha ikaja asubuhi ya mwezi wa Mei. Ulpiano alikuwa chini barabarani anacheza domino, akainua kete aipigize mezani kama desturi yake, na mkono haukushuka. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia. Alilala hospitali miezi miwili, na wakati yuko huko mvua kubwa ikanyesha, ngazi ya jengo lao ikaporomoka kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili. Walikuja watu wenye makaratasi, wakapima, wakatikisa vichwa, wakaondoka. Wakazi wakapachika mbao. Mtu mmoja aliweza kupita kwa ubavu akiwa na ndoo yake. Machela haikuweza kupita.

Basi Ulpiano alipotoka hospitali aliwekwa kwa dada yake, Eulalia, mwenye chumba cha chini ng'ambo ya barabara. Chumba hakikuwa na dirisha. Kitanda kilitazama ukuta. Nereida alimlisha, akamwosha, akamgeuza, kisha akavuka barabara na kupanda mbao zile kwenda kulala peke yake kwenye kitanda cha watu wawili. Miezi saba. Ulpiano alianza kwa kuacha redio, akaacha kuuliza habari za mpira wa besiboli, mwisho akaacha kula. Daktari wa mtaa alimpima, akamvuta Nereida pembeni, akamwambia kwamba mwili bado unaweza kuendelea, mwenyewe ndiye asiyetaka. Anachotaka ni kiti chake, roshani yake, na mtaa wake chini ya miguu. Akibaki mle, alisema daktari, hatafika Pasaka.

Wanaume wa mtaa walijitolea kumpandisha. Wangetia roda juu, lile gurudumu dogo lenye mfereji wa kamba, wavute watu wanane, kama wanavyopandisha makabati na majokofu ya watu kila siku katika mji huu wa ngazi mbovu. Ulpiano akakataa. Alikataa kwa nusu ya mdomo iliyobaki, lakini alikataa kwelikweli.

"Mimi nimebeba, sijabebwa," akasema. "Sitapandishwa kama jokofu, wanaume wa mtaa mzima wakishangilia." Halafu, ili kuyafunga mazungumzo, akaongeza, "Labda mke wangu anipandishe. Peke yake."

Nereida alikuwa na kilo arobaini na saba, viatu vikiwemo.

"Sawa," akasema.

Ulpiano alidhani ametupa neno la kuchekesha. Lakini alikuwa amelitupa mbele ya Casimiro, rafiki yake wa bandarini, aliyekuwa fundi wa kamba za kupakia shehena, na neno lililosemwa mbele ya Casimiro halikuwa na njia ya kurudi.

Casimiro mwenyewe alimfuata Nereida nje, amefadhaika. "Shemeji," akasema, "yule na kiti chake ni kilo tisini. Ukining'inia upande wa pili wa kamba, wewe ndiye utakayepanda."

Nereida akamwuliza anaweza kupata roda ngapi. Casimiro alikuwa na moja. Nereida alitaka sita, tatu za kufungwa juu na tatu za kwenye kiti, na kamba moja nzima izizunguke zote. Akachukua uzi wa kushonea wa Eulalia, akauzungusha kwenye vidole vyake mara sita, akamwonyesha. Mzigo ukishikwa na nyuzi sita kwa pamoja, kila uzi unabeba sehemu moja ya sita, na mvutaji anavuta uzi mmoja tu. Kilo tisini zinakuwa kumi na tano. Kutu ya roda nayo itakula chake, tuseme ishirini.

"Ndoo," akasema. "Atakuwa ndoo yangu ya shule."

Casimiro alikuwa ametumia roda za namna hiyo maisha yake yote bila mtu kumweleza kwa nini zinafanya kazi. Akaenda kutafuta. Alirudi baada ya siku tisa na roda saba, ya saba ikiwa ya kufungwa chini mlangoni ili kamba igeuke na kutambaa barabarani. Alirudi pia na kamba ndefu isiyo na fundo hata moja, kwa sababu fundo halipiti kwenye roda. Kaitoa wapi, hakuulizwa. Havana mtu akikuletea kitu unachokihitaji, unashukuru tu.

Alhamisi walijaribu kwa gunia la mchanga la kilo tisini. Mtaa mzima ulitoka. Nereida alijitia ukanda wa kitambaa kifuani, kamba begani, akaupa mlango mgongo na kuanza kutembea kuelekea kona. Alitembea hatua kumi na mbili akafika kwa kinyozi. Watu wakatazama juu wakitarajia kuliona gunia ubavuni mwa roshani. Gunia lilikuwa limepanda kimo cha mtu mrefu, basi.

Kicheko hicho! Fefa, mwanamke wa ghorofa ya pili ambaye kichwa chake hutoka dirishani kabla ya jua, akamwita kwa sauti ya kusikika bandarini. "Shoga, wewe umeshafika kwa kinyozi, mume wako hata ghorofa ya kwanza hajaiona!"

Mmoja akasema roda zimeharibika. Mwingine akasema magurudumu ni sita, kwa hiyo kazi imepungua mara sita, kwa hiyo hatua mbili zingetosha, labda mama avute vizuri. Mji wetu unaweza kukosa mayai, haukosi maoni.

Nereida akasubiri watulie. "Roda haipunguzi kazi," akawaambia. "Inakupunguzia nguvu, halafu inakudai umbali. Yeye akipanda mita kumi na mbili, mimi lazima nitembee sabini na mbili. Kazi ni ile ile. Hiyo haiuzwi kwa bei ya mgao wa serikali."

Casimiro akapima barabara. Kutoka mlangoni hadi kona zilikuwa mita sabini na nane, zikatosha. Tatizo lilikuwa njiani, kwenye mita arobaini na nane hivi, ambapo foleni ya duka la mgao hukata barabara kila kuku wanapofika. Foleni ya kuku haihamishwi na mtu yeyote, hata jeshi lingefikiri mara mbili. Wakakubaliana kwamba itamwachia pengo la kupita.

Likabaki jambo moja. Kiti kikifika juu, mtu lazima akivute ndani ya roshani, na huyo angekuwa Casimiro, ambaye pia angeshika kamba ya pili ya tahadhari, na watoto wawili wa kiume wa Fefa, watu wazima wenye vifua vyao. Ulpiano akaanza kununa. Wanaume tena.

"Watakuvuta pembeni," Nereida akamwambia. "Kuvutwa pembeni si kuinuliwa. Sifuri."

Nusu ya mdomo wa Ulpiano ikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Krismasi, na jioni hiyo alikula bakuli zima la maharage meusi.

Jumamosi asubuhi kuku walifika, na foleni ikafika nao. Kiti cha roshani kiliteremshwa kwa kamba, maana Ulpiano alisema kama ni kupanda atapanda na kiti chake. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na viatu vilivyong'aa ambavyo havingegusa ardhi. Wakamfunga kifuani, kiunoni na magotini. Casimiro aliyakagua mafundo yote mara tatu kabla hajapanda mbao kwenda juu. Jirani mmoja akamwuliza kama kweli bibi yule atamweza yule bwana. "Ng'ombe halemewi na nunduye," akasema Casimiro, akaenda zake.

Nereida alisimama mbele ya mumewe. Alimfungulia kifungo cha shingoni, kisha akakifunga tena.

"Kizee changu," akasema Ulpiano kwa sauti ya chini. "Ukichoka niteremshe. Sitamwambia mtu."

"Ukiogopa fumba macho," akasema Nereida.

Akageuka. Hapo ndipo alipolielewa jambo ambalo hakuna somo la wiki ya sita lililomwambia: ili mumewe akaribie nyumbani, yeye lazima aende mbali naye, na hatamwona njia nzima. Akaegemea ukanda. Kamba ikakaza, roda zikalia, na mzigo ukaja begani mwake. Aliufahamu mara moja. Ulikuwa ule ule, ndoo ya lita ishirini.

Alitembea. Alipita kwa kinyozi, na kinyozi alikuwa amesimama na wembe hewani, mteja wake ana povu upande mmoja. Alipita nguzo ya kwanza ya taa. Hakuona kitu isipokuwa lami na viatu vyake, lakini mtaa ulimwona kwa niaba yake. Sauti zilimfuata nyuma: ameondoka chini, amepita waya wa umeme, amepita ghorofa ya kwanza, anaangalia huku na huku kama balozi. Ukanda ulimkata chini ya kwapa. Alihesabu hatua kimoyomoyo na kuzigawa kwa sita, ndivyo alivyojua mumewe yuko wapi. Thelathini, tano. Thelathini na sita, sita. Arobaini na mbili, saba. Foleni ya kuku ikafunguka mbele yake, akaingia kwenye pengo.

"Simama!" Ilikuwa sauti ya Fefa kutoka dirishani. Neno likaruka kwa kinyozi, likafika kwenye foleni. "Anasema simama kwanza. Anaangalia bahari."

Nereida akasimama.

Ni kweli kwamba bahari inaonekana pale. Nyumba iliyokuwa ng'ambo ilianguka zamani, ikaacha pengo, na ukifika usawa wa dirisha la Fefa unaona paa la bohari, winchi za bandari, na maji nyuma yake. Ulpiano hakuwa ameyaona kwa miezi tisa. Lakini Nereida alikuwa amelala ubavuni mwa mtu huyu miaka arobaini na mmoja. Ulpiano hakuwa mtu wa kuangalia bahari. Maisha yake yote ya kazi aliipa mgongo, na mgongoni kulikuwa na gunia. Alikuwa analia. Alikuwa analia hewani, mkono mmoja umekufa na mwingine umefungwa, na juu wanamngoja wanaume watatu. Alitaka machozi yakauke kabla hajafika. Na Fefa, ambaye hajawahi kuficha hata siri ya kuku wake mwenyewe, aliyaona machozi hayo kwa umbali wa mkono, akauambia mtaa kwamba ni bahari.

Basi Nereida akashikilia. Casimiro alikuwa amemwambia kwamba akichoka azungushe kamba kwenye nguzo ya taa, lakini nguzo ya kwanza ilikuwa nyuma na ya pili mbele, na yeye alikuwa katikati, mahali pasipo na kitu. Hakuweza kwenda mbele, asingekubali kurudi nyuma. Jua lilimpiga utosini. Alikaza magoti, akauma midomo, akafikiria kamba. Mtu angepita angemwona bibi kizee amesimama tu.

Na mtu akapita. Alitoka kona ya pili, mwanamume mwenye kofia ya majani na mfuko wa plastiki, akakuta foleni, akauliza kama kila mtu anavyouliza hapa anapofika kwenye foleni yoyote. "Wa mwisho nani?" Macho yake yakamwangukia Nereida, aliyesimama kimya mwishoni mwa pengo. "Ni wewe, mama?" Nereida hakuwa na pumzi ya kueleza. Akaitikia kwa kichwa. Mtu yule akajipanga nyuma yake, na wawili waliofika baadaye wakajipanga nyuma ya yule mtu.

"Kuku bado wapo?" akamwuliza.

Mikono ilianza kutetemeka. Ilianzia viwikoni, ikapanda mabegani, na Nereida alijua ni nini, maana alielezwa: misuli inavuta na kuachia, inavuta na kuachia. Kiganja kiliwaka pale pale kilipowaka mlangoni mwa darasa. Ndoo haikupanda wala kushuka. Watu walikuwa wameanza kuelewa kwamba jambo limekuwa refu, wakanyamaza, na mtaa ule ukinyamaza unasikia kamba ikilia.

Neno likaja tena, kwa Fefa, kwa kinyozi, kwa mwanamke wa mbele kwenye foleni, hadi kwa mtu mwenye kofia, aliyelipokea kwa mshangao kama barua isiyo yake.

"Kuna mtu anauliza kama umechoka," akasema.

Nereida alivuta pumzi. "Mwambieni sichoki," akasema. "Kushikilia si kazi."

Mtu mwenye kofia akalitazama jibu hilo, hakuiona maana yake, akalipitisha. Likaenda likirudiwa mdomo kwa mdomo, kushikilia si kazi, kushikilia si kazi, hata mwishoni akalisikia kwa sauti ya Fefa, kwa mbali, likisemwa polepole kwa mtu aliyening'inia dirishani kwake. Nereida alifumba macho. Alikuwa amemrudishia maneno aliyoyameza miaka yote, na sasa alitamani angesema kitu kingine, kwa maana mtu hapigwi akiwa amefungwa hewani.

Jibu lilichukua muda. Alilisikia likija, midomo ikilipokezana, na kila mdomo ulilisema taratibu kuliko uliotangulia.

"Anasema mwalimu wako alikuwa mwongo," akasema mtu mwenye kofia. Akasikiliza nyuma yake kupata lililobaki. "Na yeye mwenyewe anasema alikuwa mwongo. Miaka yote." Akasikiliza tena. "Anasema vuta sasa. Anakwenda kwake."

Nereida alijipangusa uso kwa bega, kwa sababu mikono haikuwa yake.

"Mwalimu gani, mama?" akauliza yule mtu.

Nereida aliegemea ukanda akaanza kutembea. Mtu mwenye kofia, alipomwona wa mwisho wake anaondoka kuelekea kona, akamfuata na mfuko wake, na wale wawili wakamfuata yeye, hadi foleni ilipoangua kicheko na kuwaita warudi. Zilikuwa zimebaki mita ishirini na nne, na hizo hata mwalimu angezihesabu kuwa kazi.